Miezi minane na kidhibiti cha redio kwa umeme wa DC, Kirumba

Ofisi yetu ya boti za kukusanya samaki iko karibu na Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, lakini mtambo wa redio ya upepo uko juu ya kilima cha mawe, kwa kuwa huko ndiko mawimbi yanakofika boti za upande wa Ukerewe bila kuzibwa na miamba. Kwa miaka kadhaa kijana wetu alishinda kilimani akipokezana nasi ujumbe kwa simu, mpaka mwezi Machi tuliponunua kidhibiti cha mezani kilichotumika, yaani kifaa cha kuongozea mtambo wa mbali na kuongea kupitia huo ukiwa ofisini, pamoja na kadi yake ya kupokea amri upande wa mtambo, katika duka moja la vifaa vya mawasiliano hapa mjini. Bei ilikuwa shilingi 380,000 pamoja na ufungaji.

Sauti na amri hupita katika jozi moja ya waya za shaba. Ukibonyeza kitufe cha kuongelea, kifaa husukuma mkondo mnyoofu (DC) wa miliampia 5.5, rilei ya kilimani, yaani swichi inayovutwa na umeme, inashika na mtambo unaanza kurusha. Chaneli ya pili huitwa kwa miliampia 12.5, na ukitaka kusikiliza kwanza kama kuna mtu hewani, mkondo hugeuzwa uelekeo na kuwa miliampia 2.5 hasi. Kwa kuwa kinachopangwa ni mkondo wala si volti, umbali hausumbui sana: jozi yetu ya mita 1,400 ina ukinzani wa omu 250 hivi, na siku ya kwanza kipimo cha kule kilimani kilisoma 5.5 ileile iliyotoka mezani.

Fundi wa duka alikuwa mpole lakini mwenye haraka, na haraka hiyo ndiyo iliyotuponza. Kwanza alipishanisha waya, tukabonyeza na mtambo ukabaki kimya. Hilo alilirekebisha kwa dakika mbili. Kosa kubwa lilikuwa kiungo alichokizungushia utepe wa plastiki tu na kukifukia kando ya mtaro. Mvua za Aprili zilipokolea, maji yaliingia, mkondo ukawa unavujia kwenye waya mwenzake kabla haujafika kilimani: mezani nasoma 5.5, juu 3.1, na rilei inatetemeka kama meno ya mgonjwa wa homa, ikikata maneno yetu vipandevipande. Dukani walisisitiza kwamba redio ndiyo mbovu. Nilifukua mwenyewe, nikakuta shaba imegeuka kijani.

Kikinga radi hawakuweka kabisa, jambo la ajabu kwa watu wanaozijua radi za ziwa hili, tena juu ya mwamba ambao kupigilia nondo ya ethi ni kazi ya siku nzima.

Anayetaka kununua aulize kwanza laini ni ya namna gani. Muuzaji alituambia kwamba laini yoyote inafaa, na si kweli: laini ya kukodi inayopita kwenye transfoma au mitambo ya kidijitali haipitishi umeme wa DC, hivyo huko kinatakiwa kidhibiti cha milio, ambacho hutanguliza mlio wa Hz 2,175 kabla ya sauti. Sisi tuliokoka kwa sababu shaba ni yetu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kiungo nimekifungia ndani ya kisanduku kisichopitisha maji, kikinga radi nimenunua kwa fedha yangu, na tangu Juni laini haijatuangusha hata mara moja. Kifaa nakipa nyota nne, ufungaji, moja.