Pedali ya tatu: nilivyojifunza gia za mkono hapa Tanga (uzoefu wangu)

Nilikuwa najiona dereva. Leseni ninayo, IST ya gia otomatiki nimeiendesha miaka sita, Dar nakwenda na kurudi, na sijamgusa hata mwenye baiskeli. Kwa mji wenye baiskeli nyingi kama huu, hilo si dogo. Kisha nikanunua Kirikuu, pikapu ndogo, ya kubebea machungwa kutoka Muheza, nikaingia, nikatazama miguuni nikakuta pedali tatu. Ilibidi kijana aliyeniuzia aniendeshee mpaka nyumbani. Ikakaa uani wiki mbili, kuku wakafanya kivuli chake makazi.

Mume wangu alijitolea kunifundisha. Tulifika getini tu, tukarudi hatusemezani. Nikaona bora nilipe.

Chuo sitakitaja jina, maana nina ya kukisifu na ya kukilalamikia. Nililipa shilingi 150,000 kwa siku kumi, saa moja kila siku. Gari ni Corolla kuukuu, viti vimechanika, ila upande wa mwalimu kuna pedali ya breki, na siku ya kwanza hiyo ilifanya kazi kuliko mimi. Mwalimu ni mzee aliyewahi kuendesha malori ya mkonge. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaangalia miguu yangu.

"Mama, hicho kiatu cha kushoto kivue."

Siku mbili nzima hakuniruhusu kugusa mafuta. Tulikuwa kwenye kiwanja cha vumbi huko Sahare: klachi, ile pedali ya kushoto, chini mpaka mwisho, gia ya kwanza, halafu uiachie polepole. Kwa unyayo mtupu nikaanza kuielewa. Pedali inapanda, huhisi kitu, bado huhisi kitu, mara inatetemeka kidogo chini ya vidole. Mlio wa injini unakuwa mzito, na gari lote linajivuta kama mtu anayetaka kuinuka kwenye mkeka. "Hapo hapo. Usiongeze, usipunguze." Corolla ikaanza kutambaa yenyewe, bila tone la mafuta kutoka kwangu. Asubuhi hiyo niliizimisha mara kumi na nne. Nilihesabu.

Nilipochoka kuizimisha, mzee alisimamisha somo akanyoosha viganja. Kimoja akakizungusha: hii injini, haitulii. Kingine akakituliza: hii ni pleti ya klachi, inakwenda kwenye gia na matairi. Ukikanyaga, viganja vinaachana. Ukiachia kidogo kidogo, vinasuguana mpaka vinazunguka pamoja. Akavipiga pa! "Ukiachia ghafla, unaitaka injini inayozunguka taratibu bila kukanyagiwa mafuta ivute gari zima papo hapo. Itazima tu." Miaka sita ya IST sikuwahi kujiuliza kwa nini ukiinua mguu kwenye breki gari linaondoka lenyewe. Kumbe kazi hii yote lilikuwa linanifanyia.

Gia zenyewe nilizishika haraka. Ya kwanza na ya pili unasukuma mkono upande wa abiria, ya tano unavuta kwako, ya tatu na ya nne unaacha mkono mlegevu, gia inarudi katikati yenyewe. Kosa langu lilikuwa kuinama kuitazama. "Mama, gia si mchumba, ya nini kuikodolea macho? Tazama mbele."

Siku ya nne tukaingia Ngamiani, na hapo nakisifu chuo bila kubakiza. Zile barabara za namba zinakatana kila baada ya hatua chache, kwa hiyo kila njiapanda unapunguza, unasimama, unarudi gia ya kwanza, unaondoka. Mbele yako bibi na baiskeli yenye ndoo mbili, nyuma bajaji inakupigia honi. Kati ya barabara ya 8 na ya 14 niliondosha gari mara nyingi kuliko siku zote tatu za kiwanjani. Nilizima mara mbili tu, moja mbele ya genge la kahawa, na wazee wa pale hawakuninyima maoni yao.

Sasa malalamiko. Saa moja niliyolipia haikuwa saa moja. Tulikuwa wanafunzi watatu garini, kwa hiyo kuendesha ni dakika ishirini, zilizobaki unakaa nyuma unatazama mwenzio anavyoteseka. Sikatai kwamba nako unajifunza, lakini waseme mapema. Pili, klachi ya Corolla ile imekwisha, inashika pedali ikiwa juu kabisa. Yangu inashika chini. Siku nilipokaa kwenye Kirikuu nilikuwa kama sijafundishwa, na ile ina injini ya cc 660 tu, umeikalia chini ya kiti, ukikosea kidogo inazima. Ilinichukua siku mbili kuizoea.

Kubwa zaidi ni mlima. Tanga mjini ni tambarare, na chuo kilimaliza siku kumi bila kunipandisha hata kilima. Safari yangu ya kwanza ya mzigo nikaenda vijiji vya njia ya Amani. Nikasimama kwenye mwinuko kupisha lori, nilipotaka kuondoka gari likarudi nyuma kuelekea pikipiki ya watu. Niliporudi mjini nilimtafuta mzee, nikamlipa nje ya chuo kwa masomo mawili. Hendibreki juu, mafuta kidogo, achia klachi mpaka uhisi makalio ya gari yanachuchumaa, ndipo ushushe hendibreki. Halirudi nyuma hata inchi. Na kushuka: mlima uliopanda kwa gia ya pili, ushuke kwa gia ya pili. Wanaoweka fri, yaani gari bila gia, mteremkoni kuokoa mafuta wanaziachia breki kazi yote, na breki zikipata moto hazishiki.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya: jioni moja nilichukua IST kwenda Raskazone, na nilipokaribia njiapanda mguu wa kushoto ukaenda kukanyaga klachi. Ukakuta breki. Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele na chupa ya uji.

Pesa yangu sijutii, lakini nimelipia mzee, si chuo. Ukienda, uliza kwanza mko wangapi kwenye gari, dai somo la mlima hata kama ni kwenda nje ya mji, na ukiweza lete gari lako lenyewe. Chagua zamu ya saa moja asubuhi. Ya saa kumi jioni niliijaribu mara moja: jua usoni, watoto wanatoka shule, na mzee ameshachoka na sisi wote.