Tulilipia Kuiona Discovery, Tukashushwa Kwingine

"Makumbusho ni makumbusho, dada. Watoto hawatajua tofauti." Maneno hayo niliambiwa kwa simu na mratibu wa kampuni iliyotuandalia matembezi, nikiwa nimesimama kando ya barabara katikati ya jiji la Washington pamoja na mama yangu, kaka yangu na mkewe, na watoto sita, na hadi leo hayajanitoka moyoni. Kampuni hiyo sitaitaja jina, kwa kuwa inaendeshwa na wenzetu tunaokutana nao misibani na harusini huku Maryland, lakini anayepanga kuipeleka familia yake kwenye makumbusho ya anga za juu na ayajue yaliyotupata kabla hajatoa pesa zake.

Ombi letu lilikuwa moja, na niliandika zaidi ya mara moja: tupelekwe Chantilly, Virginia, karibu na uwanja wa ndege wa Dulles, kwenye kituo cha Udvar-Hazy. Makumbusho ya Taifa ya Anga na Anga za Juu yana majengo mawili, moja mjini Washington na jingine huko Chantilly, na kati yake kuna mwendo wa kilomita 45 hivi. Discovery, chombo cha Marekani kilichokuwa kikiwapeleka wanaanga anga za juu na kuwarudisha, iko Chantilly tangu mwaka 2012. Mwanangu wa miaka 9 alikuwa amelijaza daftari habari za chombo hicho: kwamba kiliruka mara 39 kati ya mwaka 1984 na 2011, kwamba ndicho kilichoipeleka darubini ya Hubble mwaka 1990, kwamba vigae vya kukikinga na joto vilipachikwa kimoja kimoja na kila kimoja kina namba yake. Kurasa mbili alikuwa ameziacha wazi, na juu ya mmoja ameandika kwa kalamu nyekundu "rangi ya vigae vilivyoungua", maana alitaka kwanza avitazame kwa macho yake ndipo achore. Kabla hata basi dogo halijasimama, yeye ndiye aliyeniambia, "Mama, huku siko."

Dereva akanionyesha karatasi aliyopewa ofisini: anwani ya mjini, watu kumi, kuingia saa saba mchana. Ilikuwa bado saa nne na nusu asubuhi. Nilipompigia mratibu, kwanza alidai kuwa majengo hayo ni kitu kimoja, kisha akasema kosa ni langu, na nilipomsomea ujumbe wangu mwenyewe wenye neno Chantilly ndipo akanijibu hayo ya watoto kutojua tofauti, akakata simu nikiwa bado nazungumza. Nimeshawahi kukosewa na watu wa huduma na nikasamehe siku hiyo hiyo, kwa sababu waliniambia samahani. Huyu hakuitamka.

Halafu kuna suala la tiketi. Tulitozwa dola 12 kwa kila kichwa. Pasi za kuingia jengo la mjini hutolewa bure na makumbusho yenyewe kupitia mtandao, kwa siku na saa maalumu, na kule Chantilly hata pasi hiyo haihitajiki, unalipia maegesho ya gari tu. Kumtoza mtu kwa usumbufu wa kumtafutia nafasi ni halali, lakini iitwe hivyo, isiitwe tiketi mbele ya mama mzee ambaye alisisitiza kulipia ya kwake kutoka kwenye pesa alizokuja nazo.

Dereva sina la kumlaumu. Alimtafutia mama kivuli, akakikunjua kiti cha magurudumu mwenyewe, akawanunulia watoto maji. Kutupeleka Chantilly hakuweza, kwani jioni alikuwa na kazi nyingine aliyopangiwa na ofisi hiyo hiyo.

Saa saba tuliingia, na tangu hapo hukumu yangu imekuwa ikiyumba. Watoto wa kaka yangu walisimama muda mrefu mbele ya vazi alilolivaa Neil Armstrong mwezini mwaka 1969. Mwanangu alizunguka kimya na daftari lake likiwa limefungwa. Kisha tukafika kwenye jiwe la mwezi, kipande cheusi kidogo cha pembetatu kilicholetwa na wanaanga wa Apollo 17 mwaka 1972, ambacho mgeni anaruhusiwa kukigusa. Mama aliinuka kitini kwa kunishika bega, akapangusa kidole kwenye leso, akakipitisha juu ya jiwe taratibu kama anayepapasa kipaji cha mtoto mwenye homa. Kumbe ni laini, limesuguliwa na vidole vya watu.

Mama ni mzaliwa wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ambako Waitaliano waliweka majukwaa yao baharini, na ndiko ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza kutumwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Wakati huo alikuwa msichana. Akamwambia mwanangu, "Mjukuu wangu, wao walikwenda kulichukua hili huko juu, na sisi kwetu roketi tuliziona zikipaa kutoka baharini." Mtoto akalifungua daftari na kumwomba amtajie jina la kijiji herufi kwa herufi.

Kwa hiyo niseme kampuni ile haifai? Kwa saa moja nilikuwa tayari kusema siku ilikuwa njema na kosa lao limetuletea heri. Lakini heri ile ilitoka kwa mama yangu na kwa makumbusho, si kwao, na kila ninapokumbuka mtoto alivyoniuliza tukirudi kama Discovery itahamishwa kabla hajaiona, hasira inarudi upya. Dereva wao mwajirini popote mtakapomkuta. Ofisi yao msiikaribie hadi ijifunze kusoma ujumbe wa mteja na kuomba radhi.

Dola 120 za tiketi bado sijarudishiwa. Chantilly tutakwenda wenyewe, kwa magari mawili, kabla mama hajarejea nyumbani, na kurasa zile mbili mwanangu amezibana kwa kibanio zisichafuke.