Gemu la shamba linalopakuliwa bure: uzoefu wangu na vitufe vyake

Kwa muda sasa nimekuwa nikicheza gemu moja la shamba kwenye simu, pamoja na mtoto wa dada yangu mwenye umri wa miaka 9, ambaye huja kwangu Majengo, hapa Moshi, kila atokapo shule. Ni gemu ambalo mchezaji hulima, huvuna, hufuga ng'ombe na kuku, na kupeleka mazao sokoni. Sitalitaja kwa jina, kwa sababu karibu kila hila nitakayoieleza imo katika magemu mengi ya aina yake, na msomaji atakayeielewa hapa ataitambua kokote atakapokutana nayo.

Niseme kwanza lililo jema. Picha zake zinapendeza, halihitaji simu ya bei kubwa, na mtoto hujifunza kupanga: avune sasa auze kwa bei ndogo, au asubiri. Walioutunga mchezo wenyewe wanaijua kazi yao, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi ninapoviangalia vitufe vyake.

Tuanze na alama ya kufungia tangazo. Baada ya kila mavuno machache, tangazo la video hujaza kioo chote. Muda wake ukiisha, alama ya X hutokea kwenye kona ya juu kulia, ya kijivu hafifu juu ya rangi nyeupe, na ni ndogo kiasi kwamba hata kidole cha mtoto huifunika yote. Ukiikosa kidogo tu unakuwa umebonyeza tangazo, na simu inahamia Google Play kukuonyesha programu nyingine ya kupakua. Katika baadhi ya matangazo, X inayotangulia kutokea si kitufe hata kidogo, bali ni picha iliyochorwa ndani ya tangazo lenyewe. Ile halisi huja sekunde chache baadaye, upande wa kushoto. “Mamdogo, mbona nikibonyeza pa kufungia inanipeleka dukani?” mtoto aliniuliza, na nilipoisogeza simu karibu na macho nikaona kwamba alikuwa amebonyeza mahali ambapo mtu yeyote angebonyeza.

Kwetu sisi tunaonunua bando la wiki, madhara yake yanahesabika kwa shilingi. Kila tangazo ni video, kila kubonyeza kwa bahati mbaya hufungua ukurasa mwingine wenye picha na video zaidi, na bando lililokusudiwa kufika Jumapili linakatika Alhamisi. Fundi simu mmoja wa karibu na stendi kuu aliniambia kuwa wateja humpelekea simu wakidhani zina virusi. “Dada, nikiikagua naikuta simu ni nzima, ni gemu tu hilo,” alisema. Gharama hiyo haionekani popote kwenye ukurasa wa kupakulia, ambapo gemu limeandikwa kuwa ni la bure.

Hila ya pili ni saa ya ofa. Ukiingia dukani ndani ya mchezo unakuta punguzo la bei na saa inayohesabu dakika kurudi nyuma, kana kwamba ofa inakaribia kufungwa. Nililifunga gemu saa ikiwa inakaribia sifuri, nikalifungua tena, na saa ikaanza upya na ofa ile ile. Jambo hili linajulikana: mwaka 2019, watafiti waliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Princeton walichunguza tovuti za maduka zipatazo 11,000, wakakuta hila za namna hii 1,818, zikiwemo saa za kuhesabu zinazoanza upya ukurasa unapofunguliwa tena.

Kisha kuna almasi. Katika gemu hili hununui kitu moja kwa moja kwa shilingi. Unanunua almasi kwanza. Kifurushi kidogo kina almasi 80, ilhali ghala la kuhifadhia mazao linauzwa almasi 100, kwa hiyo mnunuzi analazimika kuchukua vifurushi viwili na kubaki na almasi 60 ambazo hazitoshi kununua kitu cha maana mpaka aongeze nyingine. Kwenye ghala lenyewe hapajaandikwa bei ya shilingi. Machi 2025, mamlaka za ulinzi wa walaji katika Umoja wa Ulaya zilitoa kanuni kuhusu sarafu za ndani ya magemu, zinazotaka bei ionyeshwe wazi kwa fedha halisi na mchezaji asilazimishwe kununua sarafu asizozihitaji. Gemu hili lingeshindwa katika yote mawili.

Lakini lililonikera kuliko yote ni kitufe cha kukataa. Kila baada ya muda, gemu humtaka mchezaji aanze majaribio ya bure ya usajili wa kulipia. Kitufe cha kukubali ni kipana, cha kijani, nacho kinametameta. Chini yake, kwa herufi nyembamba zisizosomeka vizuri juani, pameandikwa kwamba majaribio yakiisha malipo yataanza kukatwa kila wiki. Na chini kabisa ndipo kilipo cha kukataa, ambacho maneno yake ni haya: “Hapana, acha mifugo yangu ife njaa.” Mtoto aliyasoma, akanigeukia, akauliza kama ng'ombe watakufa kweli. Nilimjibu kwamba hawatakufa, tukabonyeza hapo, na ng'ombe wakaendelea kula majani kama kawaida. Kumlaumu mtoto wa miaka 9 kwa kulinda fedha za wazazi wake ni jambo lisilo na udhuru, na aliyeyaandika maneno hayo alijua ni nani huyacheza magemu ya mifugo.

Wapo watakaosema kwamba huu ni uzembe wa wasanifu tu. Harry Brignull, mtaalamu wa usanifu wa Uingereza, alianza kukusanya mifano ya hila hizi mwaka 2010, akionyesha kwamba hurudiwa kwa makusudi kwa sababu zinaingiza fedha. Desemba 2022, Epic Games, watengenezaji wa Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 nchini Marekani. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wachezaji, kwa kuwa vitufe vya gemu hilo vilipangwa kiasi kwamba mtu angeweza kutozwa fedha akijaribu tu kulizindua gemu lililosinzia, au kukitazama kitu kabla ya kuamua kukinunua. Hapa kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, nami sioni kwa nini X ya kuchora isihesabiwe humo.

Anayetaka kulicheza hata hivyo, azime data kwanza. Hili linaendelea kufanya kazi bila intaneti, na matangazo yanatoweka. Aweke sharti la nenosiri kwa kila ununuzi katika mipangilio ya Google Play. Aliyekwisha kujisajili ajue kwamba kulifuta gemu kwenye simu hakusitishi makato. Ndani ya gemu hakuna mahali pa kujitoa; ni lazima afungue Google Play, abonyeze picha ya akaunti yake, aingie sehemu ya malipo na usajili, na kusitisha huko.

Kwa uchezaji wenyewe ningelipatia nyota nne. Kwa vitufe vyake nimelipatia nyota moja, na hiyo ndiyo niliyoiweka Google Play, pamoja na maelezo ya X ya uongo na maneno ya mifugo kufa njaa. Watengenezaji wakiviondoa, nitairekebisha tathmini yangu siku hiyo hiyo.