Mixa ya mpira kwa karakana ya Nakuru au Kisumu: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Mixa ya mpira ni mashine inayokanda mpira mbichi pamoja na kaboni nyeusi (unga unaoupa nguvu) na viungo vingine hadi viwe kitu kimoja, yaani kompaundi. Mwenye karakana ya mpira kati ya Nakuru na Busia ni nadra apate oda moja kubwa ya mwaka mzima. Leo ni bushi za matatu, kesho gasketi za kiwanda cha sukari huko Muhoroni, keshokutwa mtu wa mpunga kutoka Ahero anataka roli za kukobolea, tena nyeupe. Kwa hiyo sikuipa nafasi ya kwanza mashine yenye nguvu kuliko zote. Nimeipa ile inayosafishika upesi na ambayo fundi wa hapa anaweza kuifungua na kuirudisha.

1. Mixa ya kupinduka ya lita 35, pamoja na roli mbili

Ndani ya chungu kuna rota mbili (vyuma vya kukandia) zinazozunguka kwa kasi tofauti. Kifuniko kinashuka kwa upepo wa kompresa na kukandamiza mzigo, na mkupuo (mzigo wa mara moja) ukishachanganyika chungu chenyewe kinapinduka na kumwaga bonge. Faida yake kubwa kwetu iko hapo kwenye kupinduka. Ukitoka kwenye kaboni nyeusi kwenda kwenye mpira mweupe, kila kona unaiona kwa macho: unakwangua, unapitisha mkupuo mmoja wa mpira wa kusafishia, kazi inaendelea.

Chunga sana lita. Mashine hizi, ambazo nyingi hutoka China, zina vipimo viwili: ujazo wote wa chungu na ujazo wa kazi. Ile inayoitwa ya 35 huwa na chungu cha lita 75 hivi, na 35 ndiyo unayofanyia kazi. Muuzaji akikuandikia "lita 75" na kunyamaza, unaweza kulipia ndogo ukidhani umepata kubwa. Dai vipimo vyote viwili viandikwe kwenye profoma.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Lita 35 za kompaundi yenye uzito wa kilo 1.15 kwa lita ni kilo 40 kwa mkupuo. Mkupuo ukichukua dakika 12 pamoja na kupakia na kumwaga, hiyo ni kilo 200 kwa saa. Sasa geuka uzitazame presi zako, zile zinazoupika mpira ndani ya moldi (umbo la chuma): zinakula kilo ngapi kwa siku? Kama saa mbili za mixa zinatosha kuzilisha hadi jioni, shuka hadi lita 20 na pesa iliyobaki nunua moldi.

Mota ya mashine hii huwa kilowati 55. Kwa umeme wetu wa volti 415, mzigo ukijaa hiyo ni ampea 97 hivi, na wakati wa kuwasha inaruka juu zaidi usipoweka kifaa cha kuiwasha polepole. Nenda Kenya Power kabla ya kutuma amana, uulize kama transfoma ya mtaa wako itabeba. Kumbuka pia kwamba kiwanda kilicho kwenye tarifu ya viwanda hakilipii yuniti tu. Kilele cha kVA cha mwezi (umeme mwingi kuliko wote uliovuta kwa mpigo) nacho kina ada yake, kwa hiyo usiiwashe mixa dakika ileile presi zote zinapopashwa joto.

Usinunue mixa bila roli mbili, yaani mashine ya silinda mbili za chuma zinazoubana mpira katikati yake. Bonge la kilo 40 lililotoka likiwa na moto wa nyuzi 120 linaendelea kujipika lenyewe. Lazima lipite kwenye roli mara moja, liwe shiti, lipoe. Karakana ndogo huweka salfa na vichocheo (dawa za kuuivisha mpira) hapohapo kwenye roli, joto likiwa limeshuka chini ya nyuzi 100, ndipo mpira usiivie njiani, yaani usigande kabla ya kufika kwenye presi.

2. Usinunue mixa kabisa

Usishangae kuiona nafasi ya pili. Ukitumia kilo chache kwa wiki, au ukitengeneza kitu cha aina moja tu, agiza kompaundi iliyokwisha kuchanganywa. Unaepuka vumbi la kaboni, unaepuka maabara ya kupima kuiva. Hasara ni mbili: oda ndogo hupangwa nyuma, na kompaundi yenye salfa ndani haikai muda mrefu. Ikilala wiki kadhaa kwenye stoo ya mabati Kisumu, inaanza kuiva yenyewe. Uliza tarehe ya kuchanganywa, wala si ya kusafirishwa.

3. Roli mbili peke yake

Yenye roli za kipenyo cha inchi 16 huchukua kilo 20 hadi 35 kwa mara moja, na fundi hodari hutoa kazi nzuri sana, hasa kompaundi ngumu na za rangi. Lakini ni polepole, vumbi linapanda moja kwa moja puani, na ubora unafuata mikono ya mtu mmoja. Akienda msibani, kiwanda kimesimama.

Tena ndiyo mashine inayokata mikono. Usikubali ya bei nafuu isiyo na kamba ya dharura juu ya roli na breki inayozisimamisha palepale. Ijaribu ikizunguka tupu: vuta kamba, tazama roli inasogea kiasi gani kabla ya kufa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamdai mwajiri aweke kinga.

4. Banbury kuukuu

Fernley Banbury alipata hataza ya mixa yake Marekani mwaka 1916, na umbo lile bado linaendesha viwanda vya matairi. Ni mashine ya mzigo mkubwa na wa aina moja. Chini kuna mlango wa kumwagia, huwezi kuchungulia kila kona. Za mitumba hupatikana kwa bei ya kuvutia, na hapo ndipo mitego ilipo.

Omba picha za rota zikiwa zimetolewa nje. Tazama ncha zake: tabaka gumu likiwa limelika, pengo kati ya rota na ukuta wa chungu limepanuka, na mpira utateleza badala ya kusagwa. Mwambie fundi aliyeko kwa muuzaji apime pengo hilo kwa fila geji (bapa nyembamba za kupimia mapengo) katika sehemu kadhaa. Angalia sili za vumbi (pete zinazozuia unga usivuje) kwenye shingo za rota. Mafuta meusi yakitiririka pale, utaongeza kaboni kila mkupuo bila kujua inakoishia. Maji yapitishwe kwenye njia zote za kupozea, maana njia iliyoziba haionekani kwenye picha.

Ikitoka Marekani, mota yake ni ya hezi 60. Hapa kwetu hezi 50 itazunguka polepole kwa moja ya sita.

5. Mixa ya rota zinazoingiliana

Hii hupoza vizuri na kuchanganya sawasawa, inafaa sili za kupimwa kwa usahihi. Hujazwa kidogo kuliko Banbury, ni ghali, na rota zake zikilika matengenezo ni makubwa. Ingoje hadi upate mteja mwenye mkataba wa maandishi.

Nakuru si Kisumu

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Mota za kawaida hupimwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, kwa hiyo huku hazipoi kama karatasi inavyosema, na kompresa nayo inasukuma upepo kidogo. Mtajie muuzaji mwinuko wako, umwombe mota ya saizi moja juu. Kisumu shida ni maji: tangi lililoshinda juani halipozi chungu, na mikupuo ya alasiri itatoka na moto kuliko ya asubuhi. Weka mnara wa kupozea au chila (mashine ya kupoza maji) kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kabla haijapakiwa, mtumie muuzaji fomula yako mwenyewe aichanganye mikupuo mitatu mfululizo, kamera ikiwa kwenye kipimajoto na ameta. Cheti cha ukaguzi wa KEBS (shirika la viwango la Kenya) kipatikane kabla ya meli kuondoka, na malipo ya mwisho yasubiri video hiyo pamoja na sanduku la sili za vumbi za akiba.