Floradrain FD 25-E juu ya paa la Dar es Salaam: nunua bodi, kalenda tunga mwenyewe

Bodi hii ya kupitishia maji hutengenezwa na ZinCo, kampuni ya Kijerumani. Ni karatasi ngumu ya plastiki iliyorejelezwa, yenye kimo cha milimita 25, iliyofinyangwa vikombe vidogo vidogo, nayo hulala chini ya udongo wa bustani ya paa. Vikombe hushika maji, takriban lita 3 kwa mita ya mraba. Yanayozidi hupenya kwenye vitundu vya juu, yakatiririka chini ya bodi hadi kwenye tundu la kutolea maji.

Kwa slabu ya zege ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, bodi tunaipa alama nzuri. Tunachokataa ni kuichukua pamoja na mimea na ratiba ya matunzo iliyotungwa kwa Ulaya ya kati. Huko mvua imegawanyika mwaka mzima na majira ya baridi hulaza magugu. Pwani yetu hupata masika, vuli na kiangazi kikali katikati, na magugu hayalali hata wiki moja.

Tuanze na uzito, kwa sababu hapo ndipo bodi inaposhinda waziwazi. Mafundi wengi bado humwaga kokoto sentimita 10 chini ya udongo ili maji yapite. Tabaka hilo peke yake lina kilo 150 hadi 170 kwa mita ya mraba. Bodi haifiki kilo 2, na vikombe vikijaa jumla ni kama kilo 5. Udongo mwepesi wa sentimita 10 ukilowa kabisa huwa na kilo 120 hadi 150, kwa hiyo kuacha kokoto ni sawa na kupata nafasi ya bustani nzima. Hesabu hiyo lazima aione mhandisi wa majengo kabla hujaagiza chochote.

Lita 3 zile zisikudanganye kwamba umenunua tangi. Siku ya jua na upepo wa bahari, nyasi zinaweza kutumia milimita 4 hadi 5 za maji, yaani lita 4 hadi 5 kwa mita ya mraba. Vikombe vinakauka kabla ya siku kwisha. Panapotakiwa nyasi, weka mipira ya matone: vitundu vya lita 2 kwa saa, kila sentimita 30, mistari ikipishana sentimita 40. Dakika 15 alfajiri hutoa takriban lita 4 kwa mita ya mraba. Maji ya kisima yenye chumvi huziba vitundu hivyo, basi safisha chujio kila wiki mbili, na kila mwezi fungua ncha za mipira maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe meupe.

Adui mkubwa wa mfumo huu kwa miaka mingi ni vumbi laini la udongo, na hapo ndipo tunapowaomba wanunuzi wasiwe na haraka. Juu ya bodi hutandikwa kitambaa cha kuchujia. Ukiweka udongo mwekundu wa shambani, chembe za mfinyanzi hushuka kwa kila mvua, zikajaza matundu ya kitambaa, na baada ya misimu michache maji hayashuki tena. Dalili ni madimbwi yanayobaki juu ya udongo zaidi ya nusu saa baada ya mvua kukatika, ukungu wa kijani usoni, na mizizi yenye harufu ya kuoza. Bodi yenyewe bado ni nzima, lakini haifikiwi na maji. Hakuna dawa ya kumwaga. Ni kufukua, kubadilisha kitambaa na kuweka udongo mwingine.

Mwongozo wa FLL, taasisi ya Kijerumani ya utafiti wa bustani na mandhari, unaofuatwa na wajenzi wa mapaa haya katika nchi nyingi, hutaka chembe laini zisizidi asilimia 15 ya uzito katika bustani nyepesi yenye tabaka kadhaa kama hii. Kupima kwa makisio, jaza chupa angavu udongo nusu, ongeza maji karibu ijae, tikisa kwa nguvu, uiache itulie. Kinachoshuka katika dakika ya kwanza ni mchanga na kokoto ndogo, na kinachotulia juu yake baadaye ndicho kinachoziba. Kikionekana kufika robo ya kimo chote, ukatae mzigo huo. Mchanganyiko unaodumu una mawe mepesi ya volkano yaliyosagwa kama sehemu kubwa, mchanga mkavu wa mtoni, na mboji asilimia 10 hadi 15 tu. Mchanga wa ufukweni usiguswe, una chumvi.

Mboji ikizidi, joto letu huiozesha upesi na udongo hudidimia. Sentimita 10 zikibaki 8, mimea huanza kuungua kiangazi. Kuongeza sentimita 1 kwenye paa la mita za mraba 200 kunahitaji mita 2 za ujazo, na kila nyongeza iandikwe kwenye daftari la jengo, kwa kuwa uzito hujilimbikiza kimyakimya. Kuna mtego mwingine: utando wa kuzuia maji unapaswa kupanda ukutani angalau sentimita 15 juu ya uso wa udongo. Mtunza bustani anayejaza udongo kila mwaka bila kupima huufikia ukingo ule, na mvua inayofuata inaingia nyuma ya utando. Watu huilaumu bodi kwa uvujaji ambao chanzo chake ni toroli.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: bodi hii haizuii mizizi. Ndege na popo huleta mbegu za mwarobaini na mkuyu, na lusina nayo huota. Mizizi ya miti hiyo hupita kwenye vitundu na kutafuta viungo vya lami. Chini ya bodi lazima pawe na utando uliofaulu jaribio la mizizi la FLL, ambalo huchukua miaka miwili, au karatasi maalumu ya kuzuia mizizi, na juu yake mkeka wa kinga. Hata hivyo palizi haikwepeki: kila wiki mbili wakati wa masika na vuli, kila mwezi kiangazi. Mche wa sentimita 10 hung'oka kwa vidole. Ukifika kimo cha goti usiuvute, utapasua kitambaa. Fukua pembeni, kata mizizi kwa mkasi, kisha funika palipochanika kwa kiraka kinachopita kila upande sentimita 20.

Matundu ya kutolea maji ndiyo roho ya paa. Kila tundu liwe na kisanduku cha ukaguzi chenye mfuniko, kizungukwe na kokoto za milimita 16 hadi 32 kwa upana wa sentimita 30 hadi 50, pasipo mmea wowote. Kagua mwishoni mwa Februari, mwishoni mwa Septemba, na kesho yake baada ya mvua kubwa ya kwanza ya kila msimu. Toa majani, mifuko ya plastiki na vijiti vya kunguru, kisha mwaga ndoo ya lita 20: maji yaondoke bila kupanda kisandukuni. Mvua ya milimita 50 kwa saa juu ya mita za mraba 200 ni lita 10,000. Matundu yakiziba na maji yakasimama sentimita 10, slabu imeongezewa kilo 100 kwa kila mita ya mraba ambazo hazikuwemo kwenye hesabu.

Kingo za bodi zisiachwe wazi. Jua hukausha plastiki ikakatika, na vikombe visivyofunikwa huwa mazalia ya mbu. Katika Dar es Salaam, mji uliopata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, hilo si jambo dogo. Kokoto na kitambaa vifike hadi ukutani.

Kuhusu mimea tutasema machache. Mikeka ya sedum, mimea midogo yenye majani manene, inayouzwa na mfumo huu huko Ulaya usiilipie nauli, kwani spishi nyingi za huko huoza kwenye usiku wetu wa joto na unyevu. Potulaka, Callisia repens, Tradescantia spathacea, shubiri na sansevieria hushika vizuri kwenye sentimita 10 na huvumilia kiangazi zikishaota mizizi. Zinahitaji naitrojeni kama gramu 5 kwa mita ya mraba kwa mwaka. Kwa mbolea ya NPK 17-17-17, yenye naitrojeni asilimia 17, hiyo ni gramu 30, igawe mara tatu wakati udongo ukiwa na unyevu. Ukizidisha, unalisha magugu, na inayobaki inashuka na maji ya mvua.

Bodi hii isinunuliwe kwa paa la mabati, wala slabu isiyo na mteremko wa asilimia 2. Panapotuama maji kupita vikombe, chukua ndugu yake wa milimita 40, au rekebisha mteremko kwanza. Kabla ya kutandika, ziba matundu, jaza maji sentimita 5 kwa saa 48 na uangalie dari, ukikumbuka kwamba hayo ni kilo 50 kwa mita ya mraba. Agiza pia karatasi chache za ziada na kitambaa cha mita 10, uvihifadhi kivulini ndani ya jengo. Kiraka kitahitajika mwaka wa sita au wa saba, na kusubiri meli kwa ajili ya mita mbili za kitambaa, paa likiwa limefukuliwa katikati ya masika, ni gharama kubwa kuliko bei ya kitambaa chenyewe.