Kipimo cha haraka cha kaswende: kizuri, ila kina upofu wake

Vipele viganjani na kwenye nyayo, haviwashi wala haviumi. Dawa ya fangasi imepakwa, ya mzio imemezwa, vipo palepale. Hapo ndipo kikasha hiki cha kutoboa kidole kinapofaa. Kaswende ya hatua ya pili ni mwigizaji: nywele hunyonyoka mabaka mabaka, jicho huona ukungu, sikio huvuma, na huko sehemu za siri hakuna hata kidonda.

Kukitumia ni rahisi, na kukiharibu pia ni rahisi. Pakiti ifunguliwe wakati wa kupima tu, maana unyevu huua utepe. Spiriti ikauke kabisa kidoleni. Toboa pembeni mwa ncha, futa tone la kwanza, vuta la pili hadi alama ya pipeti (mara nyingi mikrolita 10 hadi 20), kisha bafa (kimiminika kinachokuja na kikasha) kwa idadi ya matone iliyoandikwa. Soma ndani ya muda wa maelekezo, kwa kawaida dakika 15 hadi 20. Mstari wa T (wa jibu) ukiwa hafifu, ni chanya. Watu wengi huukataa. Uliojitokeza baada ya saa nzima hauhesabiki. Mstari wa C (unaoonyesha kipimo kimefanya kazi) usipotokea, tupa, chukua kingine.

Upofu wake mkubwa: kinasoma kingamwili, na hizo hubaki mwilini hata baada ya kupona. Aliyetibiwa miaka 10 iliyopita mara nyingi ataonekana chanya leo. Kujua kama ugonjwa upo sasa kunahitaji RPR, kipimo cha damu cha maabara, yenye kiwango (damu imezimuliwa mara ngapi na bado inaonyesha chanya). Kikishuka kutoka 1:32 hadi 1:8, tiba imefanya kazi. RPR nayo ina vituko: kingamwili zikizidi mno, kama katika hatua hii ya pili, hutoa hasi ya uongo. Dalili zikipiga kelele na jibu likawa hasi, waombe maabara wazimue seramu (majimaji ya damu) warudie. Kidonda kipya nacho huweza kutoa hasi. Rudia baada ya wiki 2 hadi 4.

Kisonono, kikasha hiki hakikioni kabisa. Goti lililovimba ghafla pamoja na vipele vichache vya usaha huweza kuwa kisonono kilichosambaa, na linataka vipimo vingine, ikiwemo sampuli ya pamba ya kooni na ya njia ya haja kubwa, kwani mkojo peke yake hukosa maambukizi ya huko.

Chanya ikija pamoja na shida ya jicho au sikio, sindano moja ya benzathine penicillin, dawa ya kawaida ya kaswende, haitoshi. Hiyo ni ya hospitali, penisilini ya mshipani kwa siku 10 hadi 14.