Kuisikia silingi kabla haijapigwa: miezi miwili na programu ya mwangwi

Ukumbi wa usharika wetu, huku Rau, Moshi, uliezekwa mabati na pesa ikaishia hapo. Silingi hakuna. Mchungaji akisema "Bwana awe nanyi", ukuta wa nyuma unamjibu kabla ya washarika. Kwaya ikiimba, maneno yanakanyagana. Mimi ndiye fundi mitambo, kwa hiyo lawama zote zinaishia kwenye "mikisa ya huyu kijana". Nimebadilisha maiki, nimehamisha spika, nimepunguza besi mpaka wapiga gitaa wakaninunia. Mikisa haina kosa. Kosa ni chumba.

Ndiyo nikalipia leseni ya mwezi ya programu ya kuchora ukumbi kwenye kompyuta. Jina lake nalihifadhi kwa sababu utazikuta lawama huko chini. Unachora kuta, unasema kila ukuta ni wa nini, unamweka msemaji madhabahuni, unavaa hedifoni, kisha unatembea humo ndani kwa vitufe vya mishale na sauti inabadilika kila unaposogea.

Huko kusogea ndiko nilikokulipia. Programu za kuweka mwangwi ninazo tele, lakini mwangwi wake ni uleule, ukae mbele ukae mlangoni. Hii inafuata njia iliyochapishwa na watafiti Allen na Berkley mwaka 1979: kila ukuta unafanywa kioo, na nyuma ya kioo anasimama mchungaji wa pili, umbali uleule kama wa kwanza. Ukipiga hatua, programu inapima upya umbali wako na wachungaji wote hao. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mita moja ni karibu milisekunde 3. Kwetu, madhabahu hadi ukuta wa nyuma ni mita 22. Kwenda na kurudi ni 44, yaani milisekunde 128. Maneno yakichelewa kupita milisekunde 50 hivi, sikio huanza kuyasikia kama ya mtu mwingine. Basi mchungaji hakuwa ananisingizia. Mkia mrefu wa mwangwi unaofuata haupimwi mmoja mmoja, unakadiriwa kwa chumba kizima, na kwa kweli masikio yangu hayakuona upungufu.

Jambo la pili ni kichwa. Ukigeuza shingo, madhabahu inatakiwa ibaki ilipo. Kuna kidude maalumu cha kufuatilia kichwa, lakini programu inakubali pia simu, kwa hiyo nikaifunga simu yangu juu ya hedifoni kwa raba. Nilipomvisha mzee mmoja wa kamati ya ujenzi, wenzake wakacheka kwamba amekuwa mchimbaji wa Mererani.

"Mwanangu, mbona mchungaji yuko mgongoni kwangu?"

"Geuka kidogo kushoto, mzee."

Akageuka. Akatulia. "Ahaa. Karudi mbele."

Hilo si ajabu. Programu inatumia masikio ya mtu wa wastani, si yake, na mbele na nyuma huchanganyika kwa urahisi mpaka kichwa kitikisike. Bila ile simu ya raba, mzee angenirudishia hedifoni palepale.

Sasa lawama. Ukitembea haraka, sauti inatatarika kama mafuta yaliyomwagikiwa maji. Kuna kitelezi cha kulainisha. Ukikipandisha mitatariko inaisha, ila noti ndefu ya kinanda inaanza kuyumba, inapanda na kushuka, kama honi ya bodaboda inayokupita. Sababu inaeleweka: ukiukaribia ukuta, njia ya sauti inafupika, na kule kufupika ndiko kunakopandisha noti. Lakini mguu wa mtu hauna mwendo wa bodaboda. Nimeishia kutembea polepole, kama bibi harusi.

Orodha ya vifaa vya ujenzi imetungwa na watu wa baridi. Zulia nene, lipo. Kioo cha tabaka mbili, kipo. Bati la mgongo juu ya kenchi za mbao halipo, wala tofali la bloku lisilopigwa plasta. Nikachagua "chuma chembamba" nikisali.

Halafu siku ya kuonyesha kamati, umeme ukakatika, ruta ikazima, na programu ikagoma kufunguka kwa kuwa haikuweza kuthibitisha leseni mtandaoni. Laptopu ilikuwa na chaji asilimia 80! Niliwaandikia, jibu lilikuja baada ya siku tisa, nalo lilikuwa kiungo cha maelezo niliyokwisha kuyasoma. Nikawaita wazee upya wiki iliyofuata.

Ili nijue kama inanidanganya, nilipasua baluni ukumbini usiku na kurekodi, nione mlio unachukua sekunde ngapi kufifia. Pia niliutafuta muda huohuo kwa ile hesabu ya Wallace Sabine, yule wa Harvard aliyeanza mwaka 1895 kuhamisha mito ya viti usiku ili ajue inameza sauti kiasi gani: 0.161 mara ujazo, gawanya kwa eneo linalomeza. Ujazo wetu ni mita za ujazo 1,728. Dirisha lililo wazi humeza yote, saruji karibu isimeze kitu. Nikapata sekunde 6 kasoro, ukumbi ukiwa mtupu. Wakijaa watu 300, inashuka hadi moja na nusu hivi. Ndiyo maana Pasaka kila mtu anasikia vizuri, na Alhamisi ya mazoezi ya kwaya ni vurugu. Programu ilizidi baluni kwa karibu sekunde moja. Bati letu linatetemeka na kula besi kuliko "chuma chembamba" chao, basi nikaandika namba zangu mwenyewe na vikakaribiana.

Hapo ndipo ilipolipa. Kamati ilishakusanya ahadi za silingi ya jipsamu ukumbi mzima. Nikawatembeza ndani yake: mkia wa mwangwi ulipungua kidogo tu, na yule mchungaji wa ukuta wa nyuma alibaki palepale. Kisha nikaiondoa jipsamu, nikauvisha ukuta wa nyuma peke yake paneli za pamba zilizofunikwa kitambaa. Mzee wa Mererani alitembea toka mlangoni hadi madhabahuni, akarudi, akagonga goti kwenye benchi la kweli. Hakulalamika. Aliuliza bei, na mhazini akaisogeza kalamu yake karibu.

Nimelipia mwezi wa tatu, kwa shingo upande kwa ajili ya ile leseni. Mvua ya masika juu ya bati haimo humo ndani, na hiyo silingi tutaihitaji siku moja. Ukuta wa nyuma unaanza baada ya sikukuu ya mavuno. Baluni zimebaki mbili.